Safu ya ushauri: Supavaiza anasema nimeandika hadithi, matokeo hayapo

Shikamoo dada,

Naomba unisaidie maana nimefika mahali nafungua laptop naiangalia afu naifunga. Niko masters ya maendeleo hapa Dar, mwaka wa mwisho. Digrii ya kwanza nilisoma takwimu kwaiyo mi nilikotoka ni dodoso, watu mia tatu, SPSS, ile programu ya takwimu, jedwali linatoka unalieleza, basi. Sasa mada yangu ni mama lishe na mikopo ya kausha damu, yani ile ya mtaani ya riba kubwa na marejesho ya kila siku, kwa nini wanaichukua na wanaishi nayo vipi, na supavaiza wa mwanzo akasema hii ifanye kwa kwalitativu, yani uchambue maneno ya watu badala ya namba. Darasani tulisoma muhula mmoja tu, tukakariri etnografia ni nini, fenomenolojia ni nini, kesi stadi ni nini, mtihani ukaja tukaandika tukafaulu. Hakuna hata siku tuliyowekewa mahojiano mezani tukaambiwa haya chambueni.

Data ninayo dada. Nimehoji kina mama 17 huku Temeke na mijadala miwili ya kikundi, nimerekodi kwa simu, nimeandika mwenyewe neno kwa neno, kurasa zimepita mia mbili. Rafiki akanipa programu nikaingiza zote nikatoa maneno yanayojirudia sana, likaja neno "hela", likaja "mtoto", likaja "yani", nikachora chati. Sura ya nne nikaandika asilimia 65 walikopa kwa ajili ya ada, asilimia 29 kwa ajili ya mtaji, na chini ya kila asilimia nikaweka maneno yao. Supavaiza niliye naye sasa (yule wa kwanza alihama) kanirudishia na peni nyekundu, "hizi ni hadithi, matokeo yako wapi?" Kwenye semina ya idara mwalimu mwingine akauliza hawa 17 wanamwakilisha nani kwenye jiji zima, nikakosa jibu, watu wakacheka.

Kuna na mambo mengine yananisumbua. Kina mama wa mwanzo walinijibu kifupi mno, nauliza kwa nini ulikopa anasema "shida tu mwanangu" kimya. Wawili watatu walidhani natoka halmashauri wakawa wananieleza wanavyostahili mkopo. Mmoja yeye anasema kausha damu imemsaidia, hana malalamiko kabisa, anaharibu picha nzima, sijui nimtoe? Na kuna kijana wa steshenari anachambua data za watu kwa laki tatu, mwingine ananiambia tupia zote ChatGPT ikupe dhamira usiku mmoja umalize.

Nakuwekea kipande kimoja uone. Nilimuuliza alianzaje kukopa:

"Kausha damu nilichukua laki mbili. Si kwamba sijui, najua. Ila mtoto karudishwa shule, baba yake ukimwambia anasema tutaona, sasa utakaa unaangalia? Wale wanakuja hapahapa mezani, hawaulizi una nyumba wala una nini. Asubuhi mimi sufuria la kwanza la wali si langu, lile la jamaa. La saa saba ndo langu."

Mimi hapo niliweka lebo: ada ya shule, mume asiyewajibika, marejesho ya kila siku. Nifanyeje dada, nianzie wapi?

Mwanafunzi, Dar

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hao waliocheka waache, twende kwenye kazi.

Naanza na hicho kipande maana jibu la supavaiza wako limo humohumo. Lebo zako tatu siyo mbaya ila zote ni lebo za mada, yani zinasema mama anaongelea nini. Hazisemi anafanya nini wakati anaongea hayo. Ukishakuwa na lebo za mada peke yake lazima uishie kwenye asilimia, maana mada ukiiangalia sana kitu pekee inachokuruhusu ni kuihesabu. Na hapo supavaiza wako yuko sahihi japo hajakuonyesha njia: asilimia juu, maneno ya mama chini, katikati hamna mtu aliyefikiri.

Sasa soma tena, taratibu, sentensi moja moja. "Si kwamba sijui, najua." We ulimuuliza kama anajua? Ulimuuliza alianzaje kukopa. Kwaiyo kwa nini anajitetea? Kuna mtu mama anamjibu hapo na siyo wewe, ni ile sauti ambayo ameshaisikia huku na huku, ya redioni, ya semina za elimu ya fedha, ya shemeji, kwamba wanawake hawa wanakopa kwa sababu hawajui hesabu. Pembeni hapo andika lebo kama "anakataa kuonekana hajui". Afu nenda kwenye yale mengine 16 utafute nani mwingine anajitetea kabla hajaulizwa, anajitetea kwa maneno gani, na nani hajitetei kabisa.

"Sasa utakaa unaangalia?" Hilo ni swali, na kakuuliza wewe. Mkopo kwa mama huyu siyo hesabu ya riba, ni kukataa kuwa mzazi anayekaa anaangalia mtoto amerudishwa, na ukiangalia vizuri baba wa mtoto ndo kawekwa upande wa wanaosema "tutaona". We ukaandika mume asiyewajibika. Hilo neno la kuwajibika katumia nani, yeye au wewe? Kama ni wewe liweke kando kwanza.

"Hawaulizi una nyumba wala una nini." Wengi wangebandika "hakuna dhamana" wakaendelea. Dhamana ni kweli ipo hapo, ila kuna na kutokuulizwa. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwa wanawake inaenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kufika huko kuna maswali mengi na makaratasi mengi. Wa kausha damu anakuja mezani kwake, wakati anapika, hamuulizi kitu. Angalia kina mama wengine wanasemaje kuhusu kuulizwaulizwa, kuhusu kusubiri, kuhusu kwenda ofisini wakati jiko linasubiri. Inawezekana kabisa bei wanayolipa ile kubwa sehemu yake wanalipia kutohojiwa. Sisemi ni hivyo, nasema kaangalie.

Afu hii ya mwisho, sufuria la kwanza la jamaa, yani mkopeshaji, la saa saba langu. Mdogo wangu hapa ungesimama na kalamu chini! Mama kaigawa siku yake vipande viwili, asubuhi anamfanyia mtu mwingine kazi kwenye meza yake mwenyewe, kwa mkaa wake mwenyewe, mchana ndo anaanza kuwa mfanyabiashara. Lebo ya hapo usiitunge, chukua maneno yake kama yalivyo, "sufuria la kwanza si langu". Halafu ukapekue wengine wanagawaje siku, hela ya jamaa inakaa wapi na hela ya nyumbani inakaa wapi, nini kinatokea mvua ikinyesha asubuhi wateja wasije, nani anakimbia meza asikutane na jamaa, nani anakopa kwa mwingine ili asikimbie. Ukikuta kitu hicho kinarudi kwa sura tofauti tofauti hapo una dhamira, mfano "kausha damu inachukua asubuhi ya mama lishe kabla haijachukua hela yake". Hilo ni tokeo. Dodoso la watu mia tatu lisingekupa maana usingejua hata kuliuliza.

Na ndo tofauti ya mada na dhamira ambayo naona hukupewa darasani. "Changamoto za mikopo" siyo dhamira, ni jina la droo. Dhamira ni sentensi ina kitenzi, ina dai ndani yake, mtu anaweza akasimama akasema hapana mimi nimesoma data yako sikubali. Ukiandika kitu ambacho hamna mtu duniani anaweza kukikataa ujue bado uko kwenye mada.

Sasa kazi ya mikono. Achana na programu kwa muda. Chagua mahojiano matatu yanayotofautiana zaidi, nakushauri huyu wa sufuria, yule asiye na malalamiko, na mmoja kati ya wale waliojibu kifupi. Print, acha nafasi kubwa pembeni, kaa mahali pametulia na rekodi masikioni, usisome bila kusikia maana kwenye maandishi mama anacheka huoni, anashusha sauti jamaa akipita huoni. Weka lebo mstari kwa mstari na jitahidi kila lebo iwe na kitendo ndani, anajitetea, anaahirisha, anaficha, analinganisha, anamtetea mkopeshaji. Ukimaliza moja kabla hujafungua la pili andika memo, nusu ukurasa, ukurasa, kwa Kiswahili chako cha kawaida kama unamwandikia mtu wa nyumbani: nimeona nini, nini kimenishangaza, nini sielewi, nimekumbuka nani. Weka tarehe. Hizo memo ndo uchambuzi wenyewe, watu wanadhani uchambuzi ni lebo lakini lebo ni kushika tu mahali, kufikiri kunatokea kwenye memo, na sura ya nne nzuri mara nyingi inakuwa ni memo zilizokuzwa.

Baada ya hayo matatu utakuwa na lebo nyingi mno, ni kawaida usiogope. Zipange, zinazofanana ziunganishe, zilizokufa zifute, andika kila iliyobaki inamaanisha nini kwa sentensi moja, ndo uende nazo kwa wengine 14, na zikigoma huko uzibadilishe, urudi nyuma. Hapa sasa programu inafaa maana inafanya kazi ya kabati, inakutunzia na kukutafutia. Usitumie ya kuibwa, Taguette na QualCoder ni za bure na zinatosha kabisa kwa kazi ya ukubwa wako. NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA ni za kulipia na zina vitu vingi zaidi ila hakuna hata moja kati ya hizo inayofikiri kwa niaba yako, na ile orodha ya maneno yanayojirudia ulioitoa tupa, neno "yani" kujirudia kunasema tu kwamba hawa ni Waswahili wanaongea.

Kitabuni njia hii inaitwa uchambuzi wa dhamira, na makala ambayo wengi wanaitumia ni ya Virginia Braun na Victoria Clarke ya mwaka 2006. Wana hatua sita: kuizoea data, kuweka lebo, kutafuta dhamira, kuzipitia upya, kuzifafanua na kuzipa majina, kuandika. Isome yenyewe, siyo mhtasari wa mtu, na uzisome na za baadaye walizoandika kulalamika jinsi watu wanavyoitumia vibaya. Hatua zile siyo ngazi, utapanda utashuka, na kitu kimoja wanachokisisitiza kikushike: dhamira haiibuki yenyewe. Kwaiyo usiandike "dhamira ziliibuka", hakuna kilichoibuka, umekaa wewe ukazijenga kutoka kwenye data na unawajibika nazo.

Na tafadhali usiandike kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu, kwamba umetumia grounded theory, yani kujenga nadharia kutoka kwenye data, kisa ni neno zito. Naliona kwenye kazi nyingi sana na inaniuma. Glaser na Strauss walioileta mwaka 1967, kazi iliyowafikisha huko ilitoka kwenye wodi za hospitali California wakifuatilia watu wanaokaribia kufa na wauguzi wao, na msingi wake ni kwamba unakusanya na kuchambua kwa pamoja, uchambuzi wa leo ndo unakuambia kesho umtafute nani. Wewe umehoji wote ndo ukakaa kuchambua, basi useme hivyohivyo, hamna aibu.

Swali la 17 wanamwakilisha nani. Jibu ni kwamba hawamwakilishi mtu kwa maana ya takwimu na hukuwachagua kwa ajili hiyo, we unatoka takwimu unajua vizuri kuliko wote pale ukumbini kwamba sampuli ya kubahatisha ina kazi yake, kukadiria wangapi. Swali lako siyo wangapi, ni vipi na kwa nini. Uliwachagua kwa makusudi kwa sababu wanakijua kitu hicho kwa kukiishi. Kinachosafiri kwenda kwingine siyo idadi ni mtambo, yani jinsi marejesho ya kila siku yanavyokula asubuhi, na we unaeleza mazingira kwa undani ili msomaji wa Mwanza au wa Mombasa apime mwenyewe kama kwao kunafanana. Lincoln na Guba mwaka 1985 walishaliandika hilo, kwamba badala ya kudai matokeo yako ni ya watu wote unampa msomaji maelezo ya kutosha aamue.

Na ndo maana zile asilimia 65 zifute leo. 11 kati ya 17 ukiiita asilimia unawaalika wenyewe waje wakuulize kiwango cha makosa. Andika wengi wao, wachache, mmoja tu, inatosha.

Wakikubana na namba kuna makala ya Guest na wenzake, 2006 pia, wao walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakakuta kufika mahojiano 12 karibu lebo zote muhimu zilishatokea. Itaje lakini kwa uangalifu. Wanawake wale walikuwa kundi linalofanana, maswali yaleyale, lengo jembamba. Na Braun na Clarke wenyewe hawaipendi hii hoja ya kusema data imeshiba, yani mahojiano mapya hayaleti tena kitu kipya, kwaiyo ukiwaegemea wao usiandike kwenye ukurasa huohuo kwamba ulifikia kushiba kwa data, mtahini mjanja atakukamata hapo. Sema data yako ni nene kiasi gani na inajibu swali kwa kiasi gani.

Kama unataka mfano wa karibu wa kusimama nao, tafuta kazi ya mwanahistoria Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilitoka 1997. Historia iliyokuwepo ilikuwa inasema harakati zilifanywa na wanaume waliosoma shule za misheni. Yeye akakaa na kina mama, Bibi Titi Mohamed akiwemo, akasikiliza maisha yao tangu utoto, wengi Waislamu, umri wa makamo, shule kidogo au hamna, na kikajitokeza kitu ambacho mafaili hayakuwa nacho, kwamba ngoma zao za lelemama na mitandao yao ya mjini ndo ilikuwa imeshatengeneza ule utaifa ambao chama kiliukuta. Hakuhoji elfu.

Huyu mama asiye na malalamiko, nakuomba sana, usimtoe. Huyo ndo wa thamani kuliko wote. Yeye ana nini ambacho wengine hawana? Meza yake iko wapi, anapikia ofisi zenye wateja wa uhakika? Anachukua kiasi gani, kwa mkopeshaji yuleyule? Ana mtoto mkubwa anayemsaidia sufuria la kwanza? Ukieleza kwa nini kwake ni tofauti hoja yako inakaa imara, kwa sababu umeonyesha mtambo unafanya kazi kwenye hali gani na unakwama wapi. Na uwe tayari pia kwamba anaweza kukubadilishia hoja yote. Sawa tu, ndo kazi yenyewe.

Kuhusu waliojibu kifupi. "Kwa nini ulikopa" ni swali la mkopeshaji, ni la mjumbe, ni la mume. Kwa nini ya mtoto wa chuo mbele ya mama mtu mzima inasikika kama lawama, na yeye kwa heshima anakufungia, shida tu mwanangu. Kama muda unaruhusu rudi kwa hao, usiende saa tano jiko limepamba moto, nenda saa tisa anaosha vyombo, mshikie sahani, na uombe usimuliwe: "mama hebu nisimulie ile siku ya kwanza jamaa alikuja hapa, ilikuwaje?" Afu nyamaza. Akisema "ilikuwa shida" rudia neno lake la mwisho kwa upole, "shida, mama?" na usubiri, kimya kikikuchoma usikijaze wewe. Omba akueleze jana, tangu alivyowasha moto mpaka alivyolala, jana mtu anaijua yote na haina lawama ndani yake.

Na hao waliodhani unatoka halmashauri usiwafiche, waandike. Mtu akidhani unagawa mkopo atakuelezea umaskini wake na uaminifu wake, akidhani umetumwa na mkopeshaji atakuambia hana tatizo, kwaiyo walikuona nani ni sehemu ya data, siyo uchafu wa kufuta. Weka aya nzima sura ya tatu: we msichana au kijana wa chuo, una simu inayorekodi, una fomu ya kusaini, ulionekanaje. Hiyo fomu nayo, mama mwenye madeni ukimpa karatasi asaini anakumbuka mkataba uliomfunga. Kama kamati ya maadili ya chuo inaruhusu ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa omba itumike kwa hao utakaowarudia, usibadilishe kienyeji.

Mijadala ya kikundi isome tofauti na mahojiano. Mbele ya wenzake wa kikoba mama hasemi alikimbia meza, anasema "watu wanakimbia". Pale unasoma kinachosemeka hadharani, nani anamkatiza nani, wanacheka wapi, na ukikilinganisha na alichokuambia peke yake utapata vitu.

Kijana wa steshenari hapana. Siyo tu kwamba chuo kikijua umekwisha, ni kwamba utasimama mbele ya watahini na dhamira ambazo huzijui zimetoka wapi. ChatGPT na wenzake hivyohivyo, itakupa majina mazuri mazuri yaliyonyooka na yatakuwa yaleyale inayompa kila mtu, ile sufuria la kwanza itaigeuza "mzigo wa kifedha" uishie hapo. Halafu kuna kubwa kuliko hilo. Hao kina mama walikupa siri zao wewe. Kuna majina, kuna mahali meza zilipo, kuna wanaowadai, na kuzipandisha kwenye mtandao wa watu bila ridhaa yao siyo jambo dogo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na imeanza kutumika tangu Mei 2023. Toa majina kwenye maandishi sasa hivi, weka ya kubuni, orodha ya nani ni nani ikae mbali na laptop, rekodi zitoe kwenye simu uzifunge kwa nywila. Na usidhani jina tu ndo linamtambulisha mtu, ukiandika "mama anayepika karibu na geti fulani mwenye watoto pacha" mtaa mzima umemjua, na jamaa anayemdai naye anajua kusoma.

Lugha. Chambua kwa Kiswahili mpaka mwisho, lebo Kiswahili, memo Kiswahili. Tafsiri kwa Kiingereza vile vipande tu vitakavyoingia kwenye sura ya nne, na uombe ruhusa uweke na Kiswahili chake juu ya tafsiri, ili mtahini anayejua aone mwenyewe.

Ukikaribia kumaliza rudi kwa kina mama wawili watatu, wasimulie ulichoona, siyo kuwasomea ripoti, waambie tu "mama mimi nimeona kama asubuhi siyo yenu, nimeelewa vizuri?" Kuna historia ya hilo hapahapa kwetu, mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo miaka ya 1970 ambao mtafiti Marja-Liisa Swantz alikuwa ndani yake, walikuwa wanachambua pamoja na wanakijiji, wanakijiji wakiwa watafiti na siyo watu wa kuchotwa maneno. Wakikukatalia usibishane, andika walivyokataa, iingie kwenye uchambuzi.

Na kwa supavaiza usiende tena na sura nzima. Nenda na vitu vichache: ukurasa mmoja wa mahojiano wenye lebo pembeni, memo yake, na aya moja uliyoiandika kutokana na hapo, aone njia yote kutoka mdomo wa mama mpaka kwenye hoja yako. Aya yenyewe ianze na dai lako, ifuate maelezo, ndo liingie neno la mama, na baada ya neno la mama uongee tena wewe useme linaonyesha nini, usimwache mama peke yake pale anamaliza aya. Mwambie "mwalimu naomba unikosoe hapa kabla sijaendelea". Supavaiza aliyelelewa na takwimu ukimwonyesha njia anaweza kuikagua, na kukagua ndo kitu anachokielewa.

Hayo mahojiano matatu yaanze wiki hii. Ukiyamaliza nitumie memo zako, majina yakiwa yameshatolewa, nikuambie naona nini.